Kokteli ya mpira wa majani ya mgomba, Kololo, Kampala
Mpelekee mhudumu wa baa hii kitu ulichokitunza tangu utotoni, atakutungia kinywaji. Kwa mpira wangu wa kuchezea, wa majani makavu ya mgomba, alitumia waragi (jini ya Uganda) mililita 50, maji ya ndimu 20, asali iliyoyeyushwa kwa maji ya moto 15, na robo ya ndizi bogoya iliyopondwa. Akatikisa na barafu sekunde 12, akachuja mara mbili, maana nyuzi za ndizi hunata ulimini.

Kazi iko kwenye glasi: huinamishwa juu ya jani kavu la mgomba linalofuka moshi. Likishika moto, au glasi ikikaa zaidi ya sekunde 5, kinywaji huwa kichungu. Hiki kilinukia shamba kabisa, kizuri mno! Mweleze harufu ya kitu chako. Ukitaja rangi tu, utaletewa sharubati.