TAHADHARI: Ukiambiwa "disk imekufa", usiiache dukani hiyo disk

Wadau habari za saa hizi. Hii ni kwa wote wenye zile kompyuta za mezani za mtumba, Dell na HP zilizotoka maofisini, na hasa nyie wenye steshenari maana nyie ndio mnaliwa sana. Kuna mchezo unachezwa na baadhi ya mafundi hapa Dar, mashine inagoma kuwaka vizuri kwa sababu ya kitu cha buku mbili, mwenye mashine anaambiwa disk (pale mafaili yote yanapokaa) imekufa, anauziwa nyingine, ile "mbovu" inabaki kwa fundi na kila kitu kilichomo. Mama yangu mdogo kapigwa hivyo hivyo. Duka silitaji kwa sababu bado tunavutana nao, ila mchezo wenyewe nauanika wote hapa.

Mama mdogo ana steshenari Mbagala, kopi, kuprinti, kuwajazia vijana maombi ya Ajira Portal na ya mkopo wa HESLB msimu ukifika. Mashine yake ni Dell OptiPlex ya miaka mingi. Kwa muda mrefu tu kila asubuhi akiwasha inaleta skrini nyeusi yenye maandishi "Time-of-day not set - please run SETUP program", chini inamwambia abonyeze F1 aendelee au F2 aingie kwenye setup. Anabonyeza F1, inapanda, akiingia intaneti nusu ya tovuti zinakataa kufunguka, zinasema saa ya kompyuta iko nyuma, kumbe tarehe imerudi miaka ya huko, anarekebisha kwa mkono maisha yanaendelea. Jamani hapo mashine ilikuwa inaomba betri waziwazi kabisa. Ndani ya CPU, lile boksi la mashine, kuna kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, cha volti 3, ndicho kinachotunza saa na mipangilio ya BIOS (ile programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya Windows) pale umeme unapokuwa haupo. Ukizima kompyuta ukaiacha kwenye soketi inayopeleka umeme, kibetri kinapumzika. Ila mama mdogo jioni anazima mpaka swichi ya ukutani, na LUKU nayo inaishaga, kwa hiyo usiku kucha mashine inakitegemea hicho kibetri peke yake. Mwanzo kilikuwa kinasahau saa tu, kilipochoka kabisa kikasahau na mipangilio mingine, asubuhi moja F1 haikusaidia tena ikabaki imeandika "No boot device available".

Sasa hayo maneno ndiyo mtaji wa hawa jamaa. Ukiyasoma harakaharaka unaona kweli disk haipo. Lakini mashine inachosema ni kwamba haijaona mahali pa kuanzia, na sababu ziko nyingi: flashi imesahaulika nyuma, waya wa disk umelegea, mpangilio wa kuanzia umebadilika, au disk imekufa kweli. Windows ya mama mdogo ilipigwa kwa UEFI, njia mpya ya mashine kuianzisha Windows, na ile mashine ikishapoteza mipangilio inarudi kwenye ile ya kiwandani ya Legacy, njia ya zamani, ambayo Windows ya namna hiyo haiioni hata iwe nzima kiasi gani. Unaingia F2, kwenye Boot Sequence unarudisha UEFI, unasevu, inapanda dakika hiyo hiyo. Zingine zinabadilika kwenye SATA Operation, mpangilio wa jinsi mashine inavyoongea na disk, kutoka AHCI kwenda RAID On, hizo zenyewe zinaanza kupanda halafu zinaleta skrini ya bluu iliyoandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Nayo ni kurudisha tu ilipokuwa.

Fundi hakuuliza chochote. Hakuuliza ilikuwa inaandika nini kabla, hakubonyeza F12 aone kama disk inatokea kwenye orodha. Mama mdogo anasema jamaa aliwasha, akatikisa kichwa, akamwambia "mama hii disk ishaenda". Akamuuzia SSD (disk ya kisasa yenye kasi) ya 256GB akaiita mpya, pamoja na kupiga Windows, jumla laki na sabini, risiti ya EFD hakuna, kaandikiwa kwenye karatasi ya daftari. Disk ya zamani akaambiwa mbovu hiyo unaipeleka wapi, ikawekwa chini ya meza. Ndani yake kuna skani za vitambulisho vya NIDA vya wateja, vyeti, CV za nusu ya mtaa. Hapo ndipo mimi nilipochafukwa, hata kuliko hela.

Mashine ikarudi, ikafanya kazi, mpaka umeme ulipokatika usiku. Asubuhi ujumbe ni ule ule, neno kwa neno! Kairudisha, wakamwambia safari hii madabodi ndiyo imekufa, aongeze hela apewe CPU nyingine na hii waichukue wao. Bahati nzuri kabla hajatoa akanipigia.

Nikafungua CPU. Kibetri kilikuwa kile kile cha tangu zamani, vumbi juu hata alama ya kidole hakuna, nikakipima na mita kikasoma chini ya volti 1. Nikaweka kipya, nikarudisha UEFI, Windows ikapanda pale pale. Halafu nikaanza kukagua sasa. RAM, zile memori za kufanyia kazi, zilikuwa mbili za 4GB, nimekuta moja, tundu la pili jeupe. Ile SSD "mpya" nikaiangalia kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kuangalia afya ya disk, pale kwenye Power On Hours, yaani masaa iliyowahi kuwashwa, ikasoma zaidi ya masaa elfu 19. Gawanya kwa 24 halafu kwa 365 uone, hiyo imekesha zaidi ya miaka miwili kwenye mashine ya mtu mwingine, ikapigwa stika mpya. (Ila msiende kugombana na mtu kwa sababu SSD ya 256 inasoma 238 kwenye Windows, hiyo ni kawaida, ni namna Windows inavyohesabu tu.)

Tulienda dukani na mama mdogo. Mwanzo disk ya zamani "ilishatupwa", nilipotaja polisi na vile vitambulisho vya watu vilivyomo ikaonekana. Nimeichomeka kwenye kompyuta yangu kwa adapta ya SATA kwenda USB, mafaili yote yapo, CrystalDiskInfo inasema Good. Disk ilikuwa nzima muda wote huo. Kuhusu hela wanataka kurudisha nusu, kuhusu RAM wanakana kabisa, na tatizo hatukuwa na picha ya jinsi mashine ilivyokuwa inaingia dukani.

Kwa hiyo kama yako imegoma, kabla ya kuibeba soma kilichoandikwa kwenye skrini na ukipige picha. Toa flashi na memori kadi zote. Chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa iishe chaji, fungua ubavuni, toa RAM uzirudishe kwa kukandamiza mpaka zilie, kandamiza na waya za disk. Badilisha CR2032, dukani elfu mbili au tatu. Kwenye Dell F12 ukiwasha inakupa orodha ya vya kuanzia na mle mle kuna Diagnostics ya kupima disk na RAM bila kulipa mtu, HP ni F9 kwa orodha na F2 kwa vipimo. Disk ikitokea kwenye orodha na kupima ikapita, atakayekwambia imekufa mwangalie mara mbili.

Ikibidi kwenda kwa fundi (na wapo waaminifu, wengi tu), piga picha ndani ya CPU, sirio namba za disk na RAM zionekane, na mwambie mbele yake kwamba kifaa chochote kitakachotolewa kinarudi kwako kiwe kibovu kiwe kizima. Dai risiti ya EFD, bila hiyo hata ukienda FCC, Tume ya Ushindani, kulalamika unaanza kwa kuhangaika. Na ukiuziwa disk mpya, CrystalDiskInfo ifunguliwe hapo hapo kaunta kabla hela haijatoka.

Kuna mchezo mwingine nimeusikia kwa wenye laptop, wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga disk nzima. Mashine inaleta skrini ya bluu inataka funguo ya tarakimu 48, fundi anakwambia ataivunja kwa laki. Haivunjiki hiyo, anachofanya ni kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, mafaili yako kwaheri. Mara nyingi funguo ipo kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uiangalie kwanza. Na ile ya tangazo kujaa skrini nzima na namba ya simu eti Microsoft wanakuita, zima tu, Microsoft wenyewe wanasema jumbe zao za hitilafu haziwekagi namba ya simu.

Kama na wewe disk yako ilibaki mahali ukaambiwa mbovu, nenda kaidai leo kabla haijapigwa stika.