Astrometrica: sura ya kizamani, kazi safi

Kwa wapenzi wa anga wanaosaka asteroidi za ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii, programu hii ya Windows ya kupima mahali zilipo bado inategemewa. Pakia picha tatu au nne za FITS (aina ya faili za picha za anga) za eneo lilelile, zilizoachana dakika 15 hadi 20, kisha zipepese, yaani zionyeshe kwa zamu haraka haraka: nyota zinatulia, kinukta kimoja kinarukaruka. Ndicho hicho. Asteroidi ikiwa mkabala na Jua husogea takriban nusu sekunde ya tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii) kwa dakika.

Kinachosumbua ni mipangilio. Ukikosea urefu wa fokasi wa darubini au ukubwa wa pikseli za kamera, nyota hazioani na katalogi ya nyota. Hilo angalau utaliona. Saa ya kompyuta ikichelewa sekunde 30, kipimo kinapotoka robo sekunde ya tao, na hupewi onyo. Hakikisha pia kama muda ulioandikwa kwenye faili ni wa mwanzo au wa katikati ya kupiga picha. Na usipohuisha MPCORB, faili la mizingo ya asteroidi zinazojulikana, utashangilia asteroidi iliyogunduliwa zamani.

Ripoti hutoka tayari kwa Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi, ila kusanya vipimo vya usiku mbili tofauti.