Mfuko wa salfeti wa Mwanjelwa: tathmini ya kibebeo cha sokoni

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kaya nyingi za Mbeya zimejaribu vibebeo vya kila namna, na kwa maoni yangu hakuna kilichoistahimili mizigo ya masoko yetu kuliko mfuko wa salfeti, yaani ule unaoshonwa na mafundi cherehani kutokana na viroba vya mchele, unga au sukari vilivyokwisha kutumika. Huu ninaoutathmini niliununua katika soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa shilingi 2,000. Ni wa ukubwa wa kati, una mipini miwili na hauna zipu.

Atakayeuona mara ya kwanza atauona wa hovyo, kwa kuwa maandishi ya kiroba cha awali bado yanasomeka upande mmoja na rangi zake hazijapangwa kwa kusudi la kupendeza. Uzuri wake huonekana unapotia sado ya viazi mviringo, kabichi moja, chana ya ndizi za Tukuyu na kilo kadhaa za mchele wa Kyela juu yake, kisha ukapanda bajaji bila kulazimika kuukumbatia mfuko kwa hofu ya kupasuka. Kabla ya kulipa, ugeuze ndani nje. Kingo za salfeti zinapaswa kuwa zimekunjwa ndipo zikashonwa, kwa sababu kingo ikiachwa wazi nyuzi zake hufumuka taratibu hadi mshono ukakosa pa kushikia. Angalia pia mipini: fundi mzuri huuteremsha ukanda ubavuni hadi kwenye kitako cha mfuko, hivyo uzito hubebwa na ukanda wenyewe, ilhali fundi mwenye haraka huubandika ukingoni kwa mishono michache, na hapo ndipo mifuko mingi hukatikia. Wangu umeteremshwa vizuri upande mmoja, na upande wa pili umeishia katikati. Nimeupeleka kwa fundi wa mtaani akauongezea mshono wa msalaba, na tangu hapo hauna tatizo.

Jambo moja ni zito na wauzaji hawalisemi mpaka waulizwe. Nyanda za Juu Kusini ni eneo la kilimo, kwa hiyo viroba vya mbolea vimejaa kila mahali, na baadhi yake huishia kwenye cherehani pamoja na vile vya vyakula. Kiroba kilichobeba mbolea au dawa za shambani hakifai kubebea chakula hata kikifuliwa mara ngapi. Soma maandishi yaliyobaki, nusa ndani, na ukiona fundi ameyageuzia maandishi yote ndani bila sababu, muulize kiroba kilitoka wapi. Ni afadhali kuupeleka mwenyewe mfuko mtupu wa mchele wa nyumbani kwako ukalipia ushonaji peke yake.

Mshindani wake mkubwa ni mfuko mbadala wa rangi rangi unaouzwa madukani, ambao kiwango chake kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Ule unaofikia kiwango ni mzuri kwa sukari, sabuni na mikate. Mwepesi, ambao ukiuinua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili, hautoboi mwezi kwa mtu anayenunua viazi. Kwa kuwa nyuzi zake zimeshikanishwa kwa joto bila kufumwa, haufai kufuliwa kwa maji ya moto, na ukishaanza kutoa manyoya hauponi. Mifuko ya karatasi za kaki ni safi, lakini mvua zetu zikianza Novemba inakuwa kazi bure. Kikapu cha milulu cha Iringa, kinachosukwa kwa majani yanayoota sehemu zenye majimaji, ndicho kizuri kuliko vyote kwa macho, na kwa nyanya na parachichi hakina mpinzani kwa sababu kuta zake ngumu haziziminyi. Hata hivyo bei yake ni ya juu zaidi, na kikihifadhiwa na unyevu huota ukungu.

Kuhusu uhifadhi, mfuko wa salfeti unataka kutundikwa mahali pakavu penye kivuli. Plastiki yake hudhoofishwa na jua, na mfuko ulioachwa kwenye kamba ya nguo majira yote ya kiangazi huanza kumeguka vipande vyeupe vyenye kuwasha vidole. Mimi huufua kwa maji baridi na sabuni ya unga, nikaugeuza ndani nje, nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, pale pale ambapo zamani rambo kadhaa, yaani mifuko ya plastiki, zilikuwa zikisokomezwa ndani ya rambo moja. (Aliyebaki na hazina hiyo akumbuke kwamba kanuni za mwaka 2019 zilimgusa hata anayemiliki na kutumia, kwa faini isiyopungua shilingi 30,000.)

Kuna kazi za rambo ambazo mfuko huu hauziwezi. Nyama na samaki wabichi wanahitaji kopo lenye mfuniko, kwa kuwa maji yao hupenya kati ya nyuzi za salfeti isiyo na utando wa plastiki kwa ndani, na harufu ikishaingia haitoki. Ndoo ya taka nayo haina tena cha kuivisha. Kwangu tunatandika gazeti chini, mabaki ya jikoni yanakwenda kwenye shimo la mboji, na ndoo inasuuzwa.

Kwa anayetaka kuununua, ninapendekeza ukubwa wa kati. Mkubwa hukushawishi kuujaza kupita nguvu za mkono, na zipu, inayoongeza bei, ndiyo huwa ya kwanza kuharibika kwa vumbi la viazi. Mwambie fundi akuwekee kitako kipana na ashone kwa uzi wa nailoni, maana uzi wa pamba ukilowa mara kwa mara huoza salfeti ikiwa bado nzima.