Kitambaa cha parachuti kwa michoro ya mtaani: kitamu mezani, kigumu ukutani

Jina linadanganya, maana hakina uhusiano na kushuka angani. Ni poliesta nyepesi isiyofumwa, maarufu kwa jina la Polytab. Mural Arts, mpango wa michoro ya ukutani wa Philadelphia, Marekani, hukitumia sana: wakazi wanapaka rangi mezani, kisha kazi inabandikwa ukutani.

Nyota 4 kati ya 5, na nyingi ni kwa sababu ya watu kinaowafikia. Bibi asiyeweza kupanda jukwaa anapaka akiwa amekaa. Wafungwa wa gereza la Graterford walipaka vipande vilivyokuja kubandikwa mitaani, wenyewe wakiwa bado ndani.

Vipande hukatwa futi 5 kwa 5, karibu mita 1.5 kila upande. Ukuta wa mita 6 kwa 3 unakula 8. Ongeza kimoja, hakuna siku ya wakazi isiyo na kopo lililomwagika. Wenyeji wakubaliane mchoro kabla mkasi haujagusa kitambaa. Paka praima, yaani rangi ya msingi, ikikauka tupia mchoro kwa projekta gizani, chora mistari, kila eneo lipewe namba ya rangi yake. Rangi iwe ya akriliki, na kila namba ichanganywe mara moja tu kwa kazi yote. Ukichanganya upya katikati, bluu ya kipande cha 3 haitalingana na ya cha 4, na kiungo kitaonekana tangu ng'ambo ya barabara.

Nyota iliyokatwa ni ya kubandika. Jeli ya akriliki hupakwa ukutani na mgongoni mwa kitambaa, halafu skrepa ya plastiki inasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Jua la saa saba hukausha jeli kabla hujamaliza kunyoosha, kwa hiyo subiri ukuta uwe kivulini. Gundi nyeupe ya mbao ni ya kuikimbia: mvua huilainisha tena.

Ukuta unaotoa chumvi, kama wa nyumba kongwe za pwani za matumbawe na chokaa, usiuguse. Unyevu wa ndani hukosa njia na kukibandua kitambaa. Hapo bandika kwenye plaiwudi ya kuhimili maji, iliyoachwa nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani.

Wakati wa kusafirisha, viringisha rangi ikiwa upande wa nje na utie nailoni katikati. Akriliki ambayo haijakomaa hushikana, na kuibandua ni kuichana.