Makanisa Saba ya Ufunuo: uzoefu wangu wa safari ya hija Uturuki

Tangu darasa la kipaimara nimesikia mahubiri ya barua kwa Laodikia, mojawapo ya makanisa saba yanayoandikiwa barua katika kitabu cha Ufunuo: usiwe vuguvugu, uwe moto. Nikakua nikijua moto ndio wema na baridi ndiyo ubaya. Ilibidi nifike Laodikia kwenyewe, karibu na mji wa Denizli, nitie kidole kwenye bomba la maji la enzi za Warumi, ndipo barua ile ikanifungukia.

Tundu la bomba lilikuwa limebaki dogo. Chokaa imeganda ndani tabaka juu ya tabaka, kama ule utando mweupe wa birika linalochemshiwa maji ya chumvi kila siku. Mwongozaji akatuonyesha ng'ambo ya bonde: mlima mweupe pee, Hierapoli, kwenye chemchemi za moto ambako wagonjwa walikwenda kuoga. Akageuka upande wa pili, kwenye mlima Honaz: chini yake ndipo ilipokuwa Kolosai, yenye maji baridi ya kunywa. Ya moto yanaponya, ya baridi yanakata kiu. Ya Laodikia yalisafiri kwenye mabomba, yakafika hayafai kwa hili wala lile. Mchungaji akafungua Ufunuo 3 akasoma taratibu. Mama mmoja wa Machame, tuliyelala naye chumba kimoja safari nzima, alikaa juu ya jiwe akalia. Kwa saa ile moja tu, pesa yangu ilikuwa imerudi.

Tulikuwa 23, kutoka sharika za Moshi na Arusha. Tulipanda ndege KIA hadi Istanbul, tukaunganisha hadi İzmir. Nililipa kwa awamu mwaka mzima. Ndani ya bei kulikuwa na tiketi, hoteli, basi, viingilio, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Cha mchana kila mtu na mfuko wake. Hoteli safi, supu ya dengu kila jioni. Mwongozaji ni Mturuki wa İzmir, alizungumza Kiingereza na mchungaji akatafsiri. Alikuwa Mwislamu, na sijawahi kusikia mtu akieleza barua hizi za Ufunuo kwa heshima kama yeye.

İzmir ndiyo Smirna. Huko aliuawa askofu Polikarpo katikati ya karne ya 2, mzee aliyeambiwa amlaani Kristo akajibu kwamba amemtumikia miaka 86 na hajamtendea ubaya wowote. Kanisa lenye jina lake bado lipo mjini.

Pergamo tulipanda kwa gari la kebo. Ile madhabahu kubwa ya Zeu haipo, imebaki misingi na miti juu yake. Wajerumani waliihamishia Berlin karne ya 19. Mwongozaji aliposema hivyo, sisi Watanzania tuliangaliana. Mifupa ya mjusi wetu mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, ipo mji huohuo.

Sasa niseme kilichoniuma. Thiatira, mji wa Lidia, yule muuza rangi ya zambarau wa Matendo 16, ni magofu machache katikati ya mji wa Akhisar. Tulipewa dakika 25, na kwa kweli zilitosha. Lakini baada ya hapo basi lilitupeleka kwenye duka la makoti ya ngozi ambalo halikuwa kwenye ratiba, tukakaa karibu saa mbili. Hakuna aliyenunua. Matokeo yake Sardi tuliipita mbiombio, na Sardi ndipo penye kanisa dogo la karne ya 4 lililojengwa kwenye kona ya hekalu la Artemi, kama mtoto aliyeegemea ukuta wa jitu. Nilitamani nikae pale hata nusu saa. Filadelfia tulifika jioni, geti limefungwa, tukaziona nguzo za kanisa kwa nje ya uzio. Mtu amedunduliza mwaka mzima, halafu muda wake anapewa muuza makoti! Nimewaandikia waandaaji, nikawaeleza hivi hivi.

Siku ya mwisho ilikuwa Efeso. Ukumbi wa michezo uliweza kuchukua watu wapatao 25,000, na tuliposomewa Matendo 19 tukiwa tumekaa kwenye ngazi zile, nilizisikia zile kelele za mafundi wa fedha waliompinga Paulo. Chini yake kuna barabara pana ya mawe iliyoelekea bandarini. Bandari hakuna tena: mto ulijaza tope, bahari ikarudi nyuma kilomita kadhaa. Ombeni pia mpelekwe Kanisa la Mariamu, ulipokutana mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 431. Vikundi vingi vilipita bila kugeuka. Sisi tuliimba pambio moja pale, na walinzi walituacha tumalize.

Vaa viatu vya soli ngumu, marumaru za Efeso zinateleza. Mwenye magoti mabovu achukue fimbo. Na kabla ya kulipa, dai ratiba yenye saa za kila kituo kwa maandishi, na uulize kama kuna duka lolote njiani.

Nawapa waandaaji nyota nne. Nimeshaanza kuweka akiba ya Ugiriki, Filipi na Korintho, na nimeomba mwongozaji awe wa aina ileile.