Kibanda umiza cha Majengo: jero yangu iliishia mapumziko

Mnisamehe, naandika hasira haijashuka.

Jumapili moja hivi karibuni Dodoma Jiji, timu yetu ya mpira, walikuwa ugenini kwa Namungo, kule Ruangwa, Lindi. Ruangwa si pa kwenda ukarudi ukawahi kazini Jumatatu. Hata timu yenyewe ilipata ajali ya basi ikitokea huko, Februari 2025. Basi nikaingia kibanda umiza kimoja, vile vya kuonyesha mpira kwa kiingilio, hapa Majengo, Dodoma, nikatoa jero, yaani mia tano, nikakaa benchi la mbele. Haki yake nimpe: skrini kubwa, picha haigandi, spika zinaongea. Kipindi cha kwanza nilifurahi kweli.

Mapumziko yakaangukia saa kumi na moja. Mwenye kibanda akashika rimoti, akahamia mechi ya Uingereza. Nikadhani anachungulia tu. Kumbe ndiyo katuhama! Nikamwambia, "Kaka, kipindi cha pili hicho kinaanza." Hata hakugeuka. "Hao Walima Zabibu wako, kanunue king'amuzi ukawaangalie kwako."

Watu wakaangua kicheko. Walima Zabibu ndio Dodoma Jiji. Yaani Dodoma hapahapa, mtu anachekwa kwa kuitaka timu ya Dodoma.

Mwaka 2021 shirikisho la soka, TFF, na Azam Media wenye televisheni walisaini mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Mabilioni yote hayo, kamera zimefika mpaka Ruangwa, halafu mechi inafia kwenye kidole cha jamaa mmoja mwenye rimoti!

Nilitaka niseme msiende kabisa. Ila wakicheza Simba au Yanga rimoti haigusi mtu, na siku hizo hata mimi nitakuwepo, maana mtaani kwetu hakuna skrini kama ile. Halafu naye ana kodi ya kulipa, na mashabiki wa Arsenal walishajazana mlangoni. Sawa. Lakini si angenirudishia hata mia mbili? Hapana, hela abaki nayo. Kilichoniuma ni yale majibu. Nyota moja, na hiyo ni ya spika.

Matokeo niliyapata nje, kwenye redio ya bodaboda. Mkienda siku ya Jiji, kabla hamjatoa hela muulizeni: ni mpaka dakika ya 90, au mpaka mapumziko?