Trekta la kukatia nyasi kwenye vilima: chunguza giaboksi kabla ya injini

Wanaoniandikia kuhusu matrekta ya kukatia nyasi hawajuani, lakini lalamiko lao ni moja. Trekta lilikuwa zuri lilipokuwa jipya. Baada ya misimu michache likaanza kuchoka mlimani: unakanyaga pedeli mpaka mwisho, injini inanguruma vilevile, visu vinazunguka, ila mwendo unapungua hadi linakaribia kusimama. Ukilizima likapoa, linapanda tena bila shida. Fundi anabadilisha mkanda, anasafisha kabureta, anapokea hela yake, na siku ya kukata tena ugonjwa uko palepale.

Injini haina kosa hapo. Kilichochoka ni giaboksi.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitagusa upana wa kasha la visu, wala kiti chenye springi, wala mahali pa kuweka kikombe. Hayo muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Nguvu za farasi nazo ziache kwanza. Kwenye eneo kubwa lenye vilima, trekta hufa kwa nyuma, katikati ya magurudumu mawili makubwa, mahali ambapo mnunuzi hainami kuangalia.

Matrekta mengi ya siku hizi hayana gia za kubadilisha. Yana giaboksi ya haidrostatiki: mkanda kutoka kwenye injini unazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwa shinikizo kubwa, oili inazungusha mota, mota inazungusha magurudumu. Ni raha kuendesha. Tatizo ni joto. Kadiri unavyopanda ndivyo shinikizo linavyopanda, na oili ikishapata moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye vijinafasi vya ndani badala ya kusukuma mota. Hapo ndipo unapokanyaga pedeli bila kupata jibu. Na ukiteremka, giaboksi hiyohiyo ndiyo inayokushika usiende kasi. Ikichoka, umepoteza nguvu ya kupanda na sehemu ya breki kwa pamoja.

Jina la kukariri ni Tuff Torq K46. Giaboksi hii imefungwa kwenye matrekta ya daraja la chini ya chapa nyingi, John Deere ikiwemo. Si mbovu, kwenye uwanja tambarare inafanya kazi miaka na miaka. Lakini ilikusudiwa kazi nyepesi, na kwa kawaida haina hata nati ya kumwagia oili. Kuibadilisha oili yake ni kuishusha giaboksi nzima na kuipindua. Mtu mwenye vilima anahitaji kumwaga oili hiyo, kwa sababu ndiyo inayoungua.

Dukani, inama nyuma ya trekta. Ukikuta gurudumu la nyuma limeshikwa na kipini kidogo katikati ya ekseli, na rimu ni ya inchi 8, hiyo ni giaboksi nyepesi, hata kama kofia ya injini imeandikwa maneno makubwa kiasi gani. Ukikuta nati tano kuzunguka kitovu cha gurudumu, kama kwenye gari, na rimu ya inchi 12, sasa tunaweza kuzungumza. Kisha tafuta nati ya kumwagia oili na filta ya giaboksi. Juu yake kuna feni ndogo ya plastiki. Tazama kama mkono wako unaifikia, kwa sababu majani makavu yatajaa hapo na wewe ndiye utakayeyatoa.

Kabla hujaenda dukani, pima kilima chako. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, weka pimamaji juu yake, inua ncha ya pili mpaka ubao ulale sawa, kisha pima kutoka ncha hiyo hadi chini. Sentimita 18 ni kama nyuzi 10. Sentimita 27 ni nyuzi 15, na watengenezaji wengi huandika kwenye vitabu vyao kwamba trekta lisipelekwe kwenye mteremko unaozidi hapo. Pima sehemu iliyo mbaya kuliko zote, si ile unayoionea fahari.

Haya, orodha yangu. Sifichi kwamba napendelea John Deere, lakini nazungumzia familia ya X500, si matrekta madogo yenye rangi hiyohiyo ya kijani.

Namba moja ni X570 au ndugu yake X590. Giaboksi ni nzito, magurudumu yamefungwa kwa nati, na kuna pedeli ya kuloki difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Hiyo loki ndiyo inayonifanya niyatetee. Kwenye trekta la kawaida, gurudumu lililoko upande wa juu wa mteremko hupungukiwa uzito, linaanza kuzunguka bure na kuchimba nyasi, na lenzake lenye mshiko halipati kitu. Ukiloki difu, yote mawili yanazunguka pamoja na trekta linapanda. Izoee kwa makini: ukiikanyaga huku unakata kona, trekta linang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Ukifunga kikapu cha nyasi nyuma, nunua pia vile vyuma vya uzito vya mbele vya kilo 19 kimoja, kwa sababu kikapu kikijaa mlimani usukani unakuwa mwepesi, na wepesi huo maana yake magurudumu ya mbele yanataka kuondoka ardhini.

Namba mbili, Husqvarna Rider zenye AWD. Kasha la visu liko mbele ya dereva, magurudumu yote manne yanavuta, na mashine imekaa chini. Chini ya matawi na kwenye kingo inazishinda X500 kabisa, hilo nalikubali. Inajipinda katikati inapokata kona, kwa hiyo nyuma yake hujitupa nje. Karibu na ukuta au shimo ni lazima ujifunze upya. Ningeiweka namba moja kama mafundi wanaoijua wangekuwa wengi kama wale wa matrekta ya kawaida.

Namba tatu, X738 na X739 za familia ya X700 ya John Deere, zinazovuta kwa magurudumu manne. Kwa kazi pekee zingekuwa juu ya zote. Nimezishusha kwa sababu ya bei, na sioni aibu kusema hivyo. Kutoka X500 kwenda X700 hupandi ngazi, unaruka ukuta.

Zile za kugeuka papo hapo, zenye vyuma viwili vya mkononi badala ya usukani, naziweka chini ingawa ndizo zinazouzwa kwa mbwembwe zaidi. Kwenye tambarare hakuna inayozifikia kwa kasi. Kwenye kilima, magurudumu ya mbele ni ya kuzunguka tu, hayaongozi chochote. Mwelekeo na breki vyote vinatoka kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Yakiteleza, huna usukani na huna breki. Cub Cadet wana zenye usukani ambazo magurudumu ya mbele nayo yanaongoza, na kama lazima ununue aina hii, nunua hizo.

Kwa miteremko inayozidi nyuzi 15 kuna Ventrac 4500, ambayo ikifungwa magurudumu mawili mawili kila upande imeruhusiwa hadi nyuzi 30. Hiyo ni mashine ya kazi za kulipwa. Mwenye kipande kimoja kikali, apande miti hapo.

Za bei rahisi? Kama kilima chako hakifiki nyuzi 10, nunua yoyote yenye fundi karibu.

Sasa niwaseme wauzaji. Muulize muuzaji jina la giaboksi na atakujibu "ni otomatiki". Muulize tena atakuonyesha stika ya nguvu za farasi. Nimewahi kuambiwa, uso mkavu kabisa, kwamba giaboksi "haihitaji kujulikana kwa sababu imefungwa kiwandani". Kisha ikifa, dhamana inakuja na swali: ulikuwa unalitumia mlimani? Ukisema ndiyo, umejihukumu. Kwa hiyo mwambie aandike kwenye risiti namba ya modeli ya giaboksi, na kwamba umemweleza mteremko wako ni nyuzi ngapi. Akikataa kuandika, amekujibu.

Muulize pia kuhusu tao la chuma la kukinga trekta likipinduka. Matrekta mengi ya nyasi huja bila tao. Likiwepo na limesimamishwa, funga mkanda wa kiti kila mara. Lisipokuwepo, usijifunge mkanda, maana utabaki chini ya trekta.

Na kwa mwenye K46 nyumbani tayari, hajaamua kuiuza: kata juu na chini, si kukatisha mteremko, na subiri nyasi zikauke. Anza na kilima giaboksi ikiwa bado baridi, tambarare iwe ya mwisho. Futa majani kwenye feni kila unapomaliza. Usivute tela lililojaa kupanda nalo. Na ule wenzo mdogo wa nyuma unaoachia giaboksi ili trekta lisukumwe kwa mkono, usiuguse trekta likiwa kwenye mteremko hata kama injini imezimwa, kwa sababu hapo hakuna kinacholishika tena isipokuwa breki ya kuegeshea, kama bado inashika.